Tone la Buluu

Niva ya mama mkwe ilikunywa petroli
kama mgeni asiyejua bei ya kitu.
Jumamosi niking'oa kabureta kuukuu,
nikafunga mpya, ingali na harufu ya boksi lake,
injini ikanguruma kwa sauti nyembamba, safi,
nami nikanawa mikono kabla ya wakati.

Asubuhi, juu ya kadibodi aliyoitandaza Haykanush chini ya gari,
doa.
Buluu. Si oili, si petroli: maji ya rejeta,
yale tunayotia hapa Gyumri kabla ya Novemba,
maana huku maji matupu huganda usiku
yakapasua chuma kama yai.

Haykanush akaiokota kadibodi, akaigeuza
jinsi anavyogeuza vikombe vya majirani kusoma machicha ya kahawa.
"Naona njia," akasema. "Naona mtu mwenye haraka."
"Ni mimi?"
"Machicha hayataji majina."

Nikaanza na mpira wa chini. Mkavu.
Nikakaza klipu ambazo hazikuomba kukazwa.
Nikapapasa rejeta ubavu kwa ubavu,
kama daktari atafutaye mbavu iliyovunjika
na mgonjwa kanyamaza.
Kavu, kavu, kavu,
na chini, tena, tone: tap.

Tumeambiwa tuzibe ufa.
Hatukuambiwa kwamba ufa hukaa mbali na doa lake,
kwamba maji ni mwongo mwenye miguu:
huzaliwa huku, hutambaa ukingoni mwa chuma,
huzunguka boliti mbili tatu,
ndipo hudondoka mahali pasipo na hatia.

Mesrop wa gereji ya pili akaja na maoni.
Gasketi ya silinda hedi, alisema, uso wa matanga.
Akataja bei. Akamtaja binamu yake.
Nikampa sigara, mdomo upate kazi nyingine.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo.
Nikapangusa kila kitu, nikanyunyiza unga wa chaki
(chaki za Nvard, mke wangu, za darasa la tatu),
nikawasha injini, nikakaa.
Kukaa ni spana isiyomo sandukuni.

Dakika ya kumi na moja, injini imeshapata moto,
chaki ikalowa nyuma ya kabureta mpya,
miguuni pa stadi ya nne.

Stadi ya nne!
Jumamosi nati yake iligoma,
nikaivuta kwa hasira, ikang'oka na stadi nzima,
ndefu kuliko nilivyodhani, ncha yake ina unyevu.
Niliuona unyevu ule.
Niliufuta kwenye suruali, nikaendelea.

Tundu lile linafika hadi chumba cha maji.
Aliyeitia stadi mara ya kwanza alijua, akaipaka dawa;
mimi niliirudisha uchi.

Nikangoja ipoe. Nikapunguza maji, lita mbili,
ndani ya ndoo iliyowahi kubeba mtindi.
Nikasugua hesi kwa brashi ya waya,
nikaiosha kwa pombe ya forosadi ya Haykanush,
kikombe kimoja cha stadi, na kingine, alisema, cha fundi.
Nikapaka silikoni nyekundu,
nikakaza taratibu, nusu mzunguko, robo,
bila hasira hata chembe.
Na sikuiwasha. Nilitaka sana kuiwasha.
Nikaingia ndani, nikala supu na mikono yangu ikinuka spana.

Jumanne, baada ya kwenda hadi stesheni na kurudi mara tatu
na kulala usiku mzima juu ya kadibodi mpya,
Haykanush alitoka na viatu vya nyumbani kwenye theluji,
akaivuta kadibodi, akaielekeza kwenye mwanga,
akaigeuza upande wa pili.

"Hakuna kitu hapa," akasema,
kama mtu aliyepunjwa,
akaenda kuchemsha kahawa.